Huduma ya upimaji wa udongo: mapitio ya mkulima wa Njombe baada ya msimu mmoja

Shamba ninalolizungumzia lina ekari 4, liko kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Njombe, na tumelilima mahindi kwa mzunguko na viazi mviringo tangu nilipoolewa hapa mwaka 2009. Miaka ya mwanzo tulivuna magunia 18 ya mahindi kwa ekari, tukitumia mfuko mmoja wa DAP, mbolea yenye fosforasi, wa kupandia na mfuko mmoja wa urea, mbolea ya naitrojeni, wa kukuzia. Kufikia msimu wa 2022/23, ambao ndio mbolea ya ruzuku ilipoanza kupatikana kwa wakulima waliosajiliwa, tulikuwa tukiweka mifuko miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia, na mavuno yalikuwa yameshuka hadi magunia 9. Miche ilianza na rangi ya zambarau kingoni mwa majani, na tulipoing'oa tuliona mizizi mifupi, minene, isiyo na nyuzi nyembamba zinazotafuta maji na chakula. Hapa kwetu hali hiyo tunaiita kuchoka kwa udongo, na dawa iliyozoeleka ni kuongeza mbolea. Mwezi wa saba mwaka 2023 niliamua kwamba sitanunua hata kilo moja nyingine kabla ya kujua ninainunulia nini.

Mapitio haya yanahusu huduma ya kupima udongo niliyoipata kutoka maabara ya umma katika Nyanda za Juu Kusini, pamoja na chokaa ya kilimo, jiwe lililosagwa la kupunguza uchachu (tindikali) wa udongo, niliyoitumia kwa kufuata majibu yake. Maabara yenyewe sitaitaja, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaandika ni malalamiko ya mteja mmoja, na ninaamini kasoro nilizokutana nazo haziko kwake peke yake.

Lazima nianze na kosa langu. Kabla ya kwenda maabara nilimlipa wakala wa duka moja la pembejeo aliyekuja shambani na kijiti cha chuma chenye ncha mbili, akakichomeka ardhini, akasoma mshale, akaniambia udongo hauna tatizo la uchachu bali unahitaji busta, dawa ya kukuza mimea, ambayo kwa bahati alikuwa nayo kwenye pikipiki. Ilikuwa kiangazi na udongo ulikuwa mkavu kama unga. Vijiti vya aina hiyo hutegemea unyevu ili vitoe namba yoyote yenye maana, na katika udongo mkavu mshale hubaki karibu na 7, namba ya udongo usio na uchachu, hata kama shamba lina tindikali kali. Ninalieleza hili kwa sababu wakulima wengi wa eneo letu wanapoambiwa "kupima udongo" wanamfikiria mtu wa namna hii, kisha wanaikataa huduma nzima kwa haki kabisa. Anayepima udongo na papo hapo kuuza dawa ya tatizo alilolikuta anapaswa kuaminiwa kwa tahadhari kubwa.

Maabara ilikuwa jambo tofauti tangu hatua ya kwanza, kwa sababu haikukubali kupokea udongo wangu. Nilikuwa nimechota sehemu tatu karibu na nyumba na kuutia wote kwenye mfuko mmoja. Kijana wa mapokezi alinisalimu kwa heshima, "Kamwene, mama," akaniuliza shamba limekaaje, na nilipomweleza kuwa ni mteremko unaoishia kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni yenye unyevu, akanirudisha nyumbani na maelekezo yaliyojaa karatasi nzima. Nilitakiwa kuligawa shamba katika sehemu tatu, juu, katikati na chini. Katika kila sehemu nitembee kwa kukata kona, nichote udongo mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, niuchanganye ndani ya ndoo ya plastiki, kisha nichukue nusu kilo tu na kuianika kivulini. Ndoo ya bati haifai, kwa kuwa zinki yake huingia kwenye sampuli. Nisichote kwenye kichuguu, mahali palipokuwa zizi, palipochomwa mabua, wala kando ya njia. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili pamoja na mwanangu, na wakati huo nilinung'unika sana. Leo ninasema kwamba ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika huduma hii, na kwamba maabara inayopokea udongo wowote unaoletwa bila kuuliza umechotwaje inamtapeli mkulima hata kama mashine zake ni mpya.

Nililipa shilingi 30,000 kwa kila sampuli, jumla 90,000. Fedha hizo hazikufika bei ya ruzuku ya mifuko miwili ya DAP niliyokuwa nikiimwaga kwenye kila ekari.

Majibu yaliahidiwa ndani ya wiki tatu na yakaja baada ya wiki saba. Huko ndiko kwenye lalamiko langu la kwanza zito. Hapa Njombe mvua huanza mwezi wa kumi na moja, na chokaa inapaswa kuchanganywa na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda ili ipate muda wa kufanya kazi. Majibu yanayofika mwishoni mwa mwezi wa tisa yanamwachia mkulima siku chache za kutafuta chokaa, kuisafirisha na kuifukia, na aliyechelewa kuliko mimi hubaki na karatasi nzuri ya kuitunza kabatini hadi mwaka unaofuata.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kina, lakini iliandikwa yote kwa Kiingereza, na mapendekezo yalikuwa kwa hekta. Sijawahi kumwona mkulima wa hapa anayehesabu shamba lake kwa hekta. Tunahesabu kwa ekari, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo anayesoma "tani 2.5" akadhani ni za ekari yake atamwaga chokaa zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Kosa hilo lina madhara ya kweli: chokaa ikizidi huzuia mimea kupata zinki na madini mengine ya kiasi kidogo, na kwa sisi tunaozungusha mahindi na viazi huleta ukurutu kwenye ngozi ya viazi, ugonjwa unaostawi uchachu unapopungua mno. Kutafsiri karatasi moja na kuongeza safu ya ekari ni kazi ya siku moja kwa mtu mmoja ofisini, na ninashindwa kuelewa kwa nini haijafanywa katika nchi ambayo Kiswahili ndicho kinachosomwa na wenye mashamba.

Hata hivyo, nilirudi maabara kuomba nielezwe, na yule kijana alinipa saa nzima bila kuniharakisha. Namba alizonionyesha zimebadilisha namna ninavyoliona shamba langu. Sehemu ya juu ilikuwa na pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4.6, ya katikati 5.0, na ya chini 5.6. Kipimo hiki huenda kwa mara kumi: kila inapopungua namba moja, tindikali imeongezeka mara kumi, hivyo juu ya shamba palikuwa na uchachu mara kumi ya ule wa chini, ingawa ni shamba moja lenye hati moja. Udongo unaposhuka chini ya takriban 5.5, aluminiamu iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na hiyo ndiyo ile mizizi mifupi niliyokuwa nikiing'oa. Aluminiamu hiyohiyo, pamoja na chuma kilichojaa kwenye udongo wetu mwekundu, hushika fosforasi isiweze kuchukuliwa na mmea. DAP yangu ilikuwa ikifika ardhini na kufungwa hapohapo, na rangi ya zambarau kwenye majani ilikuwa njaa ya fosforasi katika shamba lililomwagiwa fosforasi kila mwaka.

Nilipouliza uchachu ulitoka wapi, nilijibiwa kwamba mvua nyingi za nyanda za juu huosha kalsiamu na magnesiamu kwa karne nyingi, kwamba kila gunia tunalouza huondoka na sehemu ya madini hayo, na kwamba mbolea za naitrojeni zenyewe huongeza uchachu, kwa kuwa amonia inapogeuzwa na vijidudu kuwa naitreti huacha tindikali nyuma. SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo kali kuliko zote, kiasi cha karibu mara tatu ya urea kwa kila kilo ya naitrojeni, huku CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ikiwa na madhara madogo sana kwa sababu imechanganywa na chokaa. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumekuzia kwa SA kwa sababu ya bei. Hakuna duka lililowahi kuniambia hivyo, wala afisa ugani, na sisemi kwa kumlaumu afisa ugani wetu, ambaye anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja.

Kisha akaniambia, "Mama, angalia mstari wa kaboni." Kaboni ya mboji, ambayo hukaa zaidi kwenye udongo wa juu, ilikuwa asilimia 1.1 juu, 1.6 katikati na 2.8 chini, na fosforasi ilifuata mpangilio uleule. Akaweka kidole kwenye namba ya mwisho akasema, "Udongo wako wa juu uko huku." Nimeufikiria mstari ule mara nyingi. Kwa miaka 14 tulikuwa tukilima kwa matuta yanayoshuka na mteremko kwa kuwa ndivyo ng'ombe na jembe vinavyokwenda kwa urahisi, tukichoma mabua kila mwezi wa kumi ili shamba liwe safi, na kila mvua kubwa ilichukua tabaka jembamba ambalo halikuonekana likiondoka. Tabaka la sentimita chache za udongo wa juu huhitaji mamia ya miaka kujengeka. Kinyungu chetu cha chini kilikuwa kikisifiwa na majirani kwa mboga zake, nasi tulidhani ni baraka ya maji, kumbe kilikuwa kimepokea shamba letu la mahindi.

Kwa hiyo ninaisifu huduma hii kwa dhati katika jambo la kusoma udongo. Ninapoitia kasoro ni kwamba, baada ya kuniambia udongo wangu umehamia bondeni, mapendekezo yake yaliyoandikwa yalihusu chokaa na mbolea peke yake. Hapakuwa na neno lolote kuhusu makinga maji, kuhusu kulima kwa kukata mteremko, wala kuhusu kuacha mabua shambani. Ukimwambia mkulima amwage tani moja ya chokaa kwenye ardhi inayoteremka na mvua, unamwomba ailishe kinyungu cha chini kwa gharama kubwa zaidi. Ni ajabu zaidi kwa sababu maarifa yako jirani: Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa vizazi vingi wamelima miteremko mikali kuliko yetu kwa ngoro, wakilaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, wakazifunika kwa udongo hadi yakabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua, na nyasi zile zikaoza kuwa mboji chini ya mazao. Mhandisi hakuhitajika. Maabara inayohudumia nyanda hizi ingeweza kuweka ukurasa mmoja wa maelekezo kama hayo kwa kila mteja ambaye sampuli zake zinaonyesha mmomonyoko.

Vilevile karatasi haikuitaja mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ambayo huchimbwa hapahapa nchini mkoani Manyara. Fosfeti ya miamba huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali na huleta kalsiamu pamoja nayo, kwa hiyo kwa udongo kama wangu lingekuwa jambo la kawaida kuijadili kando ya DAP, hata kama mwisho wake mkulima angechagua nyingine.

Sasa nije kwenye chokaa. Pendekezo lilikuwa tani 2.5 kwa hekta juu, yaani tani moja kwa ekari, na tani 1.5 kwa hekta katikati, yaani kilo 600 kwa ekari. Sehemu ya chini haikuhitaji chochote. Kama ningechanganya udongo wote kwenye mfuko mmoja kama nilivyotaka mwanzoni, ningeambiwa nitie chokaa shamba zima kwa kiwango cha wastani, kidogo mno kwa juu na bure kabisa kwa chini. Lengo lilikuwa kuupandisha udongo hadi karibu 5.5, na nilishukuru kwamba walizingatia viazi na hawakunisukuma juu zaidi. Jirani yangu mwenye chai aliponiona na mifuko akataka kunifuata, nikamzuia, kwa kuwa chai hupenda udongo wa tindikali na chokaa ingemwumiza.

Nilinunua mifuko 43 ya kilo 50 ya chokaa iliyosagwa kutoka upande wa Mbeya, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na gharama ya lori ilizidi bei ya chokaa yenyewe. Katika maduka matano ya pembejeo niliyozunguka hapakuwa na mfuko hata mmoja. Mawili yalinipa chokaa ya kujengea, yakisema ni ileile. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, hufanya kazi polepole na haichomi. Ya kujengea imechomwa tanurini, ni kali kwa ngozi, kwa macho na kwa mche mchanga, na kiasi chake hakiwezi kuwa sawa na kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara kwa sababu nguvu yake kwa kilo ni kubwa zaidi. Chokaa niliyoipata ilikuwa laini kama unga wa sembe katika mifuko mingi, lakini mifuko saba ilikuwa na punje kubwa kama mchanga wa mtoni, na punje za namna hiyo hukaa ardhini miaka bila kufanya kazi. Mfuko haukuandikwa kiwango cha usagaji wala nguvu ya chokaa. Muuzaji, nilipompigia, alikubali kunirudishia fedha za mifuko miwili.

Niliisambaza kwa mkono siku isiyo na upepo, nikaifukia kwa jembe siku hiyohiyo, na samadi nikaichelewesha wiki kadhaa, kwa kuwa vikichanganywa pamoja naitrojeni ya samadi hupotea hewani. Robo ekari ya sehemu ya juu niliiacha bila chokaa, nikaiwekea mbegu ileile, tarehe ileile, na mbolea ileile ya mfuko mmoja wa DAP na mfuko mmoja wa CAN kwa ekari.

Ekari moja na robo iliyopata chokaa ilitoa magunia 17 na nusu, yaani 14 kwa ekari. Robo ekari iliyoachwa ilitoa magunia 2 na debe moja na nusu, yaani 9 kwa ekari, mavuno yaleyale niliyokuwa nikiyapata kwa mbolea mara mbili. Ninajua kuwa huu ni msimu mmoja katika shamba moja, na sidai zaidi ya hapo. Lakini fedha za mbolea nilizokuwa nikizizika pale kila mwaka sasa ninaweza kuzihesabu. Baada ya mavuno ya mwaka 2024 nilirudi kupima sehemu ya juu, nikakuta pH imepanda kutoka 4.6 hadi 5.2. Kaboni ilikuwa 1.1 kama zamani, na hilo halikunishangaza. Mboji hujengwa kwa miaka.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kuongeza matumizi ya mbolea hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na tangu hapo mazungumzo mengi ya kilimo chetu yamekuwa ya mifuko: imefika mingapi, kwa bei gani, kwa nani. Ruzuku imetusaidia na sitaki iondoke. Ninachokiomba kama mteja ni kwamba chokaa nayo imfikie mkulima kupitia mpango huohuo, angalau kwa gharama ya usafiri, kwa mashamba yenye karatasi ya maabara inayoonyesha inahitajika. Vinginevyo serikali inagharimia fosforasi, nasi tunachangia, na aluminiamu inaichukua yote.

Kwa wanaofikiria kuitumia huduma ya namna hii, naipendekeza bila kusita kwa mwenye shamba linalopokea mbolea na kurudisha kidogo kila mwaka, hasa mikoa yenye mvua nyingi na udongo mwekundu. Aliye mbali na nyanda zetu anaweza kuulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete. Pelekeni sampuli mwezi wa sita, mara tu baada ya mavuno, msisubiri wa saba kama mimi. Ombeni mapendekezo yaandikwe kwa ekari kabla hamjaondoka kaunta, na tajeni mazao yote mnayoyazungusha. Chokaa ifungueni mfuko mmoja kabla ya kulipa, muisugue kati ya vidole.

Mimi mwaka huu sinunui chokaa. Fedha yake nimeitumia kwa makinga maji matatu sehemu ya juu, yenye majani ya Guatemala kwenye kingo, na matuta yote sasa yanakata mteremko. Mabua yamelala shambani tangu tulipovuna. Nitapeleka sampuli tena mwaka 2027, kutoka maeneo yaleyale niliyoyawekea vigingi, na mstari nitakaousoma kwanza ni ule wa kaboni.